Msuguano wa Karanga Kavu

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili nililinunua la michoro, lakini leo nisipoandika ya moyoni nitapasuka.

Baba yangu, fundi Sabiri, amepata kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata hapa karakanani Mtendeni, Tabora. Kikundi cha wakulima wa Ulyankulu kinataka mashine ya kubangua karanga za mbegu. Za mbegu, si za kukaanga. Punje lazima itoke nzima na ngozi yake, maana iliyopasuka haioti. Tukiwatengenezea moja ikafanya kazi kabla ya mvua, wataagiza kumi na mbili. Na Baba, macho yake yana mtoto wa jicho, amesema wazi mbele ya watu: atakayeiweza mashine hii ndiye atakayeshika karakana. Mimi ndiye mwanawe pekee aliyebaki kwenye chuma. Miaka mitatu tangu nirudi na talaka yangu nimejifunza kuchora kwa kompyuta peke yangu, kwa video za simuni, bila mwalimu. Nani mwingine kama si mimi?

Basi leo nikamwita Baba aje aone. Ngoma ya mashine nimeichora, wavu wake chini nimeuchora, karanga hamsini nimezimwaga juu. Nikabonyeza. Ngoma ikazunguka vizuri kabisa. Karanga zikashuka zikapita katikati ya chuma kama mizimu, zikatokea chini, zikaendelea kuanguka huko kusikojulikana.

Doto, mchomeleaji wetu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Najiat, hizo karanga au roho za marehemu?"

Na pale mlangoni alikuwa amesimama binti mwembamba na begi mgongoni. Kikundi kimemtuma atusaidie. Kwao ni hukohuko Ulyankulu, amemaliza chuo mwaka huu. Uwimana jina lake. Akaamkia, akasogea, akatazama kioo, akasema kwa sauti ya upole inayoudhi: "Shikamoo dada. Hujaziambia kuwa zinagusana."

Eti hujaziambia!

Akaketi kwenye kiti changu. Akaeleza kwamba ndani ya programu vitu havijuani. Chuma hakijui karanga, karanga haijui chuma, mpaka mtu awatajie wawili wawili: huyu na huyu wakikutana wasipitane. Ndio mgusano. Halafu uwape msuguano wao, yaani wakigusana watelezeane kiasi gani au wang'ang'aniane kiasi gani. Akaandika namba tatu nne, akabonyeza. Karanga zikaanguka juu ya ngoma, zikadunda, zikaburuzwa, zikabanwa kwenye wavu.

Baba akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Mashaallah," akasema. "Hapo sawa kabisa, mwanangu."

Mwanangu! Mimi nimesimama hapohapo, mkono kiunoni kama pambo la mlango.

Jumanne, 8 Oktoba

Joto. Uwimana amefika kabla yangu. Amefagia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Namba za msuguano alizoweka siku ile zilikuwa za kubahatisha, kasema mwenyewe. Lazima zipimwe. Nikafurahi, nikajua sasa ataomba mashine ya maabara ambayo Tabora nzima haipo, na Baba atachoka naye.

Wapi! Aliomba kipande cha bati, jiwe la kulizuia lisiteleze, na kipimapembe cha mwanafunzi. Akaweka karanga juu ya bati, akaliinua upande mmoja polepole mpaka karanga zikaanza kuteleza. "Hapo hapo, dada, soma pembe." Nikasoma, nikaandika. Karanga juu ya bati, karanga juu ya wavu, karanga juu ya tandiko la karanga wenzake. Mara kumi kila moja. Karanga tulizinunua sokoni, kavu, zikitikiswa zinalia. Mimi ndiye niliyeandika juu ya ukurasa: KAVU.

Baba alikaa kwenye kigoda akasikiliza tu zile karanga zinavyoanza kuteleza, akawa anabashiri kabla sijasoma. Anapatia. Uwimana anapiga makofi. Wawili hao wakawa wanacheka kama wanaojuana tangu zamani. Mimi Baba alinifundisha kukata chuma kwa kunipiga konzi.

Jumanne, 15 Oktoba

Baba amemuuliza Uwimana kama amekula. Mimi hakuniuliza.

Jumanne, 22 Oktoba

Najua ninachougua, sihitaji daktari. Kijicho. Roho inaniuma nikimwona anavua viatu mlangoni, inaniuma nikimsikia anavyosema "samahani dada" hata pasipo kosa. Laiti angekuwa na majivuno ningemchukia kwa raha zangu. Hana. Leo nilikosea mchoro wa ekseli ya ngoma, akaurekebisha kimyakimya, akamwambia Baba kwamba mimi ndiye niliyeona kosa. Nani kamwomba sadaka?

Nilimweleza Mama nyumbani. Akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamwambia huyu mgeni wako mimi naona ananizidishia ugonjwa.

Jumamosi, 2 Novemba

Kwenye kompyuta mashine inabangua. Punje tisini na sita kati ya mia zinatoka nzima. Uwimana amejaribu nafasi kati ya ngoma na wavu mara kumi na nane, mpaka akapata ile ambayo ganda linavunjika na punje haiumii. Amemwonyesha Doto kwamba ikizidi unene wa shilingi tu, mambo yanaharibika.

Doto ameanza kuchomelea. Siku hizi hata yeye, Mnyamwezi mzima asiyeheshimu mtu, anamwita "injinia". Mimi ananiita "we Naji".

Jumanne, 5 Novemba

Mawingu upande wa Urambo, hayakuleta kitu. Maembe yameanza kuiva. Mashine imepakwa rangi ya kijani, nilitaka bluu.

Alhamisi, 14 Novemba

Majaribio ni Jumamosi, nyumbani kwao Uwimana. Mama yake, Janeti, ambaye wote wanamwita Mama Aleksi kwa mwanawe wa kwanza, amejitolea gunia zake tatu za mbegu zipite kwanza, wengine wakiona zimetoka salama nao walete zao. Gunia tatu ndiyo mbegu yake yote ya mwaka. Uwimana amesema hivyo huku akicheka, kama mtu ambaye hana wasiwasi hata chembe.

Baba amesema Uwimana ndiye atakayesimama mbele ya wakulima kueleza. Mimi nitashika karanga, nizimimine.

Nizimimine!

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika upesi.

Baba na Doto walikuwa wamekwenda msikitini. Uwimana alikwenda kutafuta mkanda wa injini, simu yake kaiacha inachaji, imezimika. Simu ya karakana, ile ambayo namba yake imeandikwa kwenye kibao, ikalia.

"Asalaam, hapo ni kwa fundi? Mimi mama yake Uwimana. Simpati."

Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, ya mzee, macho yake yanaendeleaje. Uwimana kamsimulia kila kitu. Kisha akasema:

"Mwanangu, nina swali dogo. Sisi huku jioni ya kuamkia kubangua, karanga huwa tunazinyunyizia maji, tunazifunika na gunia. Maganda yanalainika, vidole haviumii, punje hazivunjiki. Sasa na hii ya mashine, tunyunyizie vilevile?"

Mimi ndiye niliyeandika KAVU. Nilijua palepale. Ganda lililolainika halivunjiki, linakunjamana, linang'ang'ania chuma, na namba zote za Uwimana zinakuwa si kitu. Yeye mwenyewe maji hayakumpitia akilini. Nadhani kwa sababu amekulia humohumo. Jambo la kila mwaka mtu halioni.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Usinyunyizie. Hata mtoto angelisema.

Nikasema: "Nyunyizieni tu, mama, kama mlivyozoea."

"Haya, mwanangu. Mungu akubariki."

Uwimana alirudi na mkanda, akaniuliza kama kuna aliyepiga. Nikasema hakuna.

Jumapili, 17 Novemba

Jana sikuandika.

Tulipakia mashine kwenye kirikuu, kigari kile kidogo cha mizigo, Baba mbele na dereva, sisi watatu nyuma na mashine. Vumbi la njia ya Ulyankulu lilitufanya wote rangi moja. Uwimana aliimba njia nzima kwa Kirundi. Mimi nilijiambia: labda wamesahau, labda maji yalikuwa kidogo, labda jua litakausha. Nilijiambia pia: nikifika nitasema. Nilijiambia sana.

Watu walikuwa wamejaa uwanjani, wamevaa nguo za misa. Mama Aleksi ni mwanamke mfupi, mikono mikubwa. Nilipomwamkia, akaniitikia, akakaa kidogo na mkono wangu mkononi mwake, akinitazama. Nikadhani ananipenda sura.

Uwimana akasimama akaeleza. Alieleza vizuri, Mungu anisamehe. Kuhusu bati na kipimapembe wakacheka. Kuhusu karanga kujuana na chuma wakasogea karibu kusikiliza. Mwenyekiti wao, mzee Anakleti, akatikisa kichwa kwa fahari. Kisha Uwimana akainama kwenye injini kufunga mkanda, na Baba, ambaye haoni vizuri, akaniita.

"Najiat, karanga zikoje?"

Nikatia mkono gunia la kwanza. Kwa nje zimeshakauka, huwezi kujua kwa macho. Nikaminya moja. Ikabonyea. Nikaitikisa sikioni, haikulia.

Nilikuwa na nafasi ya pili, naandika nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuwa nayo. Watu wote wananingoja mimi.

"Ziko sawa, Baba."

Injini ikawaka. Gunia la kwanza mwanzoni lilisikika vizuri, watu wakapiga vigelegele. Lakini kilichotoka chini kilikuwa maganda yaliyokunjamana yenye punje zimo humohumo, na punje zilizotoka zimechubuka ngozi, zimepasuka mbili mbili. Uwimana hakuona kwa vumbi, akadhani ni za mwanzo tu. Nilimimina la pili. Naam, nilimimina, nilishindwa hata kusimamisha mikono. Katikati ya la tatu wavu ukaziba, ngoma ikakwama, mkanda ukaanza kutoa moshi, Doto akarukia injini akaizima.

Mzee Anakleti akachota punje kwa viganja, akazitazama. "Hizi zinafaa kwa mchuzi," akasema.

Uwimana akapasua ganda moja kwa kucha, akalinusa. Akageuka taratibu. "Mama. Ulinyunyizia maji?"

"Nilinyunyizia."

"Nani alikuambia unyunyizie?"

Mama Aleksi akaniangalia. Si kwa muda mrefu. Nikajua sauti yangu ya simuni ameitambua tangu nilipomwamkia, na ndiyo maana alikaa na mkono wangu. Nikangoja ataje jina langu mbele ya Baba na mbele ya umma ule.

"Aniambie nani?" akasema. "Mazoea, mwanangu. Mikono imezoea."

Basi lawama zote zikamwangukia Uwimana. Mzee Anakleti akauliza ni injinia gani huyu, mtoto wa hapa hapa, asiyejua kwamba kwao karanga hunyunyiziwa. Mashine gani inayoogopa maji ya kiganja? Uwimana akasimama wima akasema, "Kosa ni langu. Nilipima kavu tu, na sikuwaambia."

Na halafu tukakaribishwa chakula. Ugali, maharage, na kuku. Kuku alichinjwa na jirani Mwislamu aliyeitwa makusudi kwa ajili yetu, ili tusipate shaka. Mama Aleksi mwenyewe alininawisha mikono.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua imenyesha. Mtaa mzima wamefurahi. Baba amekaa kizingitini, akasema, "Mambo ya kompyuta tuyaweke pembeni kidogo. Mashine ishike wewe sasa, mwanangu."

Nimelisubiri neno hilo tangu nizaliwe. Nilichukua ufagio, nikafagia sakafu iliyokuwa safi.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Huku jirani Itetemia wote wako mashambani.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua. Mama amepanda mahindi. Karanga zetu ziko stoo bado, gunia nne, ameniuliza lini tutabangua. Nimemwambia kichwa kinauma.

Jumanne, 26 Novemba

Uwimana amekuja kuchukua vitu vyake. Amekonda kwa siku kumi tu. Aliagana na Baba kwa heshima, Baba akaitikia kwa adabu ya baridi, bila kumwita jina lolote. Hapo ndipo nilipoona nilichomnyang'anya, maana nakijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Kisha akanifuata kwenye kompyuta. Alikuwa na furushi la viazi vitamu. "Mama amenipa nikuletee. Amesema nikupe wewe mkononi."

"Amepanda?" nikauliza.

"Apande nini, dada?"

Akaondoka. Viazi ni vyekundu, vikubwa, vimeoshwa. Mtu aliyepoteza mbegu yote ya mwaka huwa haoshi viazi vya kumpelekea adui wake.

Jumatano, 27 Novemba

Nimempigia Mama Aleksi. Nilijifungia chumba cha vyuma, nikamwambia bila salamu ndefu: "Mama, ni mimi niliyekuambia unyunyizie. Na nilijua."

"Najua," akasema.

"Mbona hukusema?"

Nikasikia kuku huko kwake. "Ulikuwa mgeni kwangu. Na baba yako alikuwa amekaa pale na macho yale. Mtoto wa mwenzio humvui nguo mbele ya baba yake."

"Lakini Uwimana ni mwanao! Umemwacha yeye avuliwe!"

"Ndiyo," akasema, na sauti yake ikawa si ya upole tena. "Na kila siku ninamwona ameketi hapo. Mimi nimekustahi siku ile, mwanangu, sikukusamehe. Viazi nilivyokuletea ni vya kukuuliza utakaa kimya mpaka lini."

Akakata simu.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimemwambia Baba. Nilisema yote, simu na gunia na "ziko sawa". Sikusema kwa nini, ila aliuliza, nikasema: kwa sababu ulimwita "mwanangu".

Nilidhani atanipiga, pamoja na umri wangu huu. Akaketi. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mama Aleksi. Tangu siku ileile."

"Kwa hiyo yule mama," akasema polepole, "amekula hasara ya mbegu ya mwaka, akamtoa mwanawe kafara, akatuchinjia na kuku. Ili mimi nisiaibike."

Nikasema ndiyo.

"Mimi," akarudia, "nisiaibike." Akafuta macho yake yale mabovu kwa ncha ya kanzu. "Pakia mashine na karanga zote za stoo. Zote nne, badala ya zake tatu. Na kesho kutwa tunakwenda, na wewe ndiye utakayesema. Mimi sisemi neno."

Jumapili, 1 Desemba

Jana tulikwenda. Njia ilikuwa tope, tulisukuma kirikuu mara mbili.

Watu walikuja wachache, wengi wako mashambani. Bora, nilifikiri, halafu nikaona mzee Anakleti anamtuma mtu akawaite. Walikuja na majembe yao. Wakasimama.

Nilisema. Sikuremba. Nilisema Uwimana alipima sawasawa na mashine yake ni nzima, na kwamba mimi niliulizwa mara mbili, mara ya kwanza kwa simu na mara ya pili hapa uwanjani, na mara zote mbili nilisema uongo kwa kujua. Mwanamke mmoja akapiga kite. Mwingine akasema kwa Kirundi neno ambalo halikuhitaji kutafsiriwa.

Uwimana alikuwa ameegemea mlango. Hakuja karibu.

"Ulitaka nini kwangu?" akauliza. "Kiti? Kilikuwa chako. Ungeniambia 'kaa kando', ningekaa."

"Najua."

"Hujui," akasema. "Mimi nimeambiwa na watu hawa, watu walionilea, kwamba nimemfilisi mama yangu. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nimerudia hesabu zile mpaka nimeota zinanicheka. Hujui hata kidogo."

Baba alikuwa kando yangu, hakunisaidia, na alifanya vyema.

Gunia zetu zilikuwa kavu, zinalia. Uwimana aliminya karanga moja kutoka kila gunia, moja moja, mwenyewe, huku ameninyima uso. Akarekebisha mkanda, akaangalia nafasi ya wavu kwa ukucha. Hakuniambia nimimine. Alimwambia Doto.

Zikatoka. Nzima, na ngozi zake, nyekundu, zikigonga ndoo kama mvua ya mawe. Mzee Anakleti akazichota, akazihesabu kiganjani, akamtafuta Uwimana kwa macho, akavua kofia. Wanawake wakapiga vigelegele, Mama Aleksi akafunika uso kwa kanga, na Baba akapapasa mpaka akaufikia mkono wa Uwimana, akaushika kwa mikono miwili. "Mwanangu," akamwambia. "Karakana ni yako kama utakubali kurudi."

Bado anafikiria, na ana haki.

Nami nilipiga makofi. Kijicho kilikuwepo palepale kifuani, hakijahama hata inchi, kinauma vilevile kama siku ya kwanza. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka, na sikuacha mpaka wengine wote walipoacha.